Lubugo, Ukindu na Vifuniko vya Soda: Namna Ninavyounda Picha ya Mchanganyiko

Picha ya kwanza niliyouza ilirudi kwangu ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Mnunuzi wake, bwana mmoja mpole wa Entebbe aliyeitundika sebuleni upande unaotazama ziwa, alinipigia simu mwezi wa Aprili mvua zikiwa zimekolea. "Dada," akasema, "picha yako inatembea usiku." Nikacheka, nikadhani utani. Kumbe vifuniko vya soda nilivyokuwa nimevibandika kwa gundi ile ya matone, ile inayoganda kabla hujapepesa jicho, vilikuwa vinabanduka kimoja kimoja na kuanguka sakafuni, ti, ti, saa nane usiku. Mkewe alishakataa kulala mle ndani. Chini ya vifuniko lubugo, kitambaa cha gome la mti, ilikuwa imeota ukungu, na rangi ya ukuta niliyoipaka juu yake ilikuwa inachanika kama chapati iliyolala. Nikamrudishia pesa yake yote, nikapanda teksi na kaveera langu mapajani, na njia nzima hadi Kampala nilikuwa nahesabu vifuniko. Vilikuwa arobaini na moja. Nilikuwa nimebandika sitini.

Ni miaka kumi na moja sasa. Tangu hapo hakuna picha yangu iliyotembea usiku, ila moja ambayo nitaisema mwishoni. Vijana wanaokuja karakana kwangu Kawempe huniuliza mambo yaleyale kila mara: gundi gani, kitambaa gani, rangi gani inatangulia. Basi nimeona niandike, nikifuata picha moja tangu kipande cha mbao hadi msumari wa ukutani. Picha yenyewe ni ya bibi yangu, ambaye sisi Wanubi tunamwita haboba, akiwa amekaa kwenye mkeka anasuka. Upana sentimita 90, urefu sentimita 60. Anayetaka kujifunza kuchora uso hapa hatafaidika sana. Mimi mwenyewe uso wa Haboba sikuuchora, niliuhamisha kutoka kwenye fotokopi.

Niseme pia mapema kwamba sikusoma Makerere, kwenye ile shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell mwaka 1937. Nilikulia Bombo. Baba alikuwa askari, kambini tukisema Kiswahili, jikoni kwa Haboba Kinubi. Kusuka nilifunzwa kwa kupigwa vidole na kijiti kila nilipokosea rangi. Mengine nimeyajua kwa kuharibu.

Jua tabia ya kila kitu kabla hujavikutanisha

Sanaa ya mchanganyiko inaonekana rahisi kwa sababu kila kitu kinaruhusiwa. Gome la mti, gazeti, bati, nguo ya mtumba, mchanga, picha ya zamani, vyote halali. Shida ni kwamba vitu hivi havikuzaliwa pamoja. Lubugo ikinusa unyevu inatanuka, jua likirudi inajikaza. Mbao inavimba upande mmoja tu, ule wa kukata nyuzi zake. Bati halisogei ukaliona, lakini linatoka jasho asubuhi na kupata kutu. Karatasi ya gazeti inageuka njano ikikaa kwenye mwanga, hata usipoigusa. Ukindu mkavu unavunjika. Ukivibana vyote kwa gundi moja ngumu, mvua za Machi zikija kimoja kinavuta, kingine kinagoma, na kilicho dhaifu ndicho kinachochanika.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kipande cha majaribio, ukubwa wa kiganja. Nabandika na kushona kila kitu nitakachotumia, kwa mpangilio uleule, nakinyunyizia maji usiku, asubuhi nakianika juani. Siku saba hivyo. Kinachofumuka kwenye kiganja kitafumuka kwenye picha. Vijana hawapendi hatua hii kabisa. Wanataka kuanza leo, wapige picha kesho waiweke mtandaoni. Sawa. Nami nilikuwa hivyo, nikaishia na kaveera.

Lubugo

Hiki ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na Buganda wamekitengeneza kabla mashine za kufuma hazijajulikana huku. UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, lakini wenyewe hawakuhitaji kuambiwa. Mafundi wake wakubwa ni wa ukoo wa Ngonge, na eneo linalosifika ni Mawokota, wilaya ya Mpigi, si mbali na Kampala. Nakushauri uende huko mwenyewe angalau mara moja badala ya kununua kwenye maduka ya watalii. Utasikia kazi kabla hujaiona: ko, ko, ko, kutoka ndani ya banda lisilo na kuta.

Gome huvuliwa wakati wa mvua, mti ukiwa na maji. Fundi anauchana wima, anavua gome kama anavyovua mtu shati, kisha anaufunga mti uliobaki uchi kwa majani ya migomba ili usikauke. Mti haufi, mwaka unaofuata unatoa tena. Gome linapigwa juu ya gogo kwa nyundo za mti zenye mifereji ubavuni. Nyundo huitwa nsaamu, nazo ni kadhaa: inatangulia yenye mifereji mipana, inamalizia yenye mifereji myembamba. Gome la upana wa mikono miwili linaondoka pale likiwa limetanuka mara kadhaa, na linapoanikwa linakuwa na rangi ile ya udongo mwekundu wa njia ya Masaka. Banda lina paa ili gome lisikauke haraka mno likapasuka.

Fundi ninayemnunulia ni mzee wa maneno machache. Mara ya kwanza nilikivuta kitambaa kwa mikono miwili kukijaribu nguvu, kama navyofanya kwa marekani. Akakichukua mkononi mwangu polepole. "Nnyabo," akasema, "hicho kimepigwa tangu juzi. Kiache kipumzike."

"Samahani, ssebo. Nataka kujua kama kitahimili sindano."

"Kitahimili. Ila kishone kufuata njia zake, si kuzikata."

Maneno hayo mawili yamenifaa kuliko warsha zote nilizohudhuria. Inua lubugo mbele ya dirisha utaziona njia zenyewe: nyuzi zinakimbia zaidi upande mmoja, ule uliokuwa wima mtini. Ukipitisha mstari wa sindano ukikata nyuzi hizo karibu karibu, umetoboa stempu, kitachanika hapohapo. Vilevile utaona sehemu nyembamba kama utando na viraka vilivyoshonwa na fundi palipokuwa na tundu la tawi. Wengine hurudisha chenye viraka. Mimi hukitafuta. Kiraka kizuri kwenye lubugo kimeshanifanyia nusu ya utunzi.

Jambo moja la kuzingatia kabla hujamuuzia mtu wa Kampala: lubugo ndiyo iliyokuwa sanda, na mpaka leo Waganda wengi huwafungia humo wafu wao. Jirani yangu, hajati mkarimu ambaye hunipikia kila Idi, hajawahi kuvuka mlango wa karakana. Husimama nje na kunisalimia kwa mbali. Wengine wanaiona ni ya wafalme na kutawazwa, wakaifurahia. Usimlazimishe mtu. Mwambie picha imetengenezwa kwa nini, kisha muache aamue.

Fremu na mgongo

Mbao nanunua Ndeeba. Chagua msonobari mwepesi, na kabla hujalipa weka ubao kwenye shavu. Ukihisi baridi, ni mbichi; utapinda ndani ya mwezi. Kwa picha ya sentimita 90 tia na upau katikati, la sivyo kitambaa kikikaza fremu inaingia kiuno. Juu ya fremu natandaza marekani isiyopakwa rangi, naipiga pini za stepla kuanzia katikati ya kila upande, huku na huku, nikielekea pembeni. Ukianzia pembeni utapata mikunjo ambayo hata pasi haiiondoi.

Lubugo inakaa juu ya marekani. Hapa ndipo nilipokuwa nakosea zamani, nikimwaga gundi nyeupe ya mbao kote. Gundi ile hupenya ikatokea mbele, ikaacha madoa yanayong'aa kama njia ya konokono, tena ikikauka inaifanya lubugo kuwa ngumu kama kadibodi. Siku hizi natumia uji wa muhogo. Kikombe kimoja cha unga, vikombe sita vya maji. Koroga unga kwanza kwa maji baridi hadi pasiwe na donge, weka kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka uji ule mweupe ugeuke kama kioo chenye mvuke. Epua, upoe, uchuje kwa kitambaa. Mende na wadudu wa karatasi wanaupenda, kwa hiyo maji ninayopikia nayachemsha kwanza na karafuu, punje kumi hivi, kisha nazitoa. Uji huu unakaa siku mbili. Ya tatu unanuka, mwage.

Usipake kote. Paka madoa ya ukubwa wa sarafu, umbali wa shubiri moja, weka lubugo, ilaze kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Juu yake weka shuka kuukuu, kisha ubao, kisha matofali. Badilisha shuka kesho yake. Ikikauka, pitisha mishono mirefu ya uzi wa pamba kufuata njia za lubugo, ikishika marekani chini. Sasa lubugo imeshikwa lakini ina nafasi ya kupumua kati ya doa na doa.

Kumhamisha Haboba

Picha ya Haboba niliyokuwa nayo ni moja tu, ndogo, ya mwaka 1987, imekunjwa katikati. Picha ya asili usiibandike kamwe, hata nakala mtu akikuhakikishia anayo. Nilikwenda Nasser Road, kwenye vibanda vya uchapaji, nikaomba wanikuzie. Hapo angalia sana: unataka mashine inayotumia unga, si ile inayotumia wino wa maji. Namna ya kujua ni rahisi, lowesha kidole usugue kona. Ikichafuka, ni wino, itakuharibia. Unga mweusi wa fotokopi hautoki kwa maji na haupauki upesi kwa jua.

Halafu mwambie kijana wa mashine akugeuzie picha, kushoto iwe kulia, kwa sababu ikihamia kitambaani itageuka tena. Mimi niliwahi kuhamisha ukurasa wa barua ya baba na kuupata ukisomeka kama maandishi kwenye kioo cha saluni.

Usihamishie moja kwa moja kwenye lubugo, haina uso ulio laini. Chukua kipande cha marekani kilichopigwa pasi, ukipake gundi ya wazi ya akriliki kwa brashi pana. Ukiikosa hiyo, gundi ya mbao ile inayostahimili maji itafaa. Ile ya kawaida inarudi kuwa maziwa ukiilowesha. Laza fotokopi kifudifudi juu ya gundi mbichi, ipitishie chupa kama unasukuma chapati, ukiondoa viputo vya hewa. Kisha iache. Usiku kucha, na wakati wa mvua siku mbili.

Ikikauka unaona karatasi nyeupe tu, na moyo unakwambia umepoteza siku. Lowesha kwa sifongo. Subiri kidogo. Anza kusugua kwa ncha za vidole, mzunguko mdogo mdogo, karatasi itatoka kama uchafu wa mwili siku ya kuoga na dodoki. Lilitokea kwanza paji la uso, kisha kitambaa cha kichwani, kisha lile jicho la kushoto alilokuwa akilifumba akivuta uzi. Nilisugua kwa saa mbili, na ndani ya saa hizo mbili ndipo nilipogundua kwamba mkono wake wa kulia kwenye picha hauna pete. Pete ile najua aliivaa mpaka anakufa. Sijui aliivua kwa nini siku hiyo. Nilitaka kumtilia moja ya waya, nikaacha.

Karatasi haitoki yote kwa mara moja. Inakauka, utando mweupe unarudi, unalowesha na kusugua tena. Mara tatu. Ukizidisha nguvu unang'oa na ule unga mweusi. Shavu lake lina tundu kwa sababu hiyo. Mwishowe funika kwa tabaka jepesi la gundi ileile ya wazi. Kipande hicho kishone kwenye lubugo kwa mkono. Usikibandike.

Tabaga

Vile vifuniko vya sinia vya ukindu, ambavyo Waswahili wa pwani huviita kawa, sisi kwetu ni tabaga. Mikono ya Haboba kwenye picha inashika tabaga halisi, au tuseme robo yake, iliyokuwa imeliwa na panya upande mmoja. Nyingine nimenunua kwa kina mama wa Bombo.

Rangi za tabaga ni za unga wa dukani, nyekundu ya waridi, zambarau, kijani kinachopiga kelele, na nyingi zinachuja. Chukua pamba iliyolowa, igandamize juu ya kila rangi hadi uhesabu sitini. Pamba ikirudi nyeupe, sawa. Ikirudi na rangi, una njia mbili: ipake vanishi ya wazi pande zote kabla ya kuiweka, au iweke mbali na chochote cheupe. Mimi niliiamini ile tabaga kuukuu kwa kuwa ilishafuliwa mara nyingi. Zambarau ikachuja hadi kwenye kiganja cha Haboba nilipokuwa nailainisha kwa mvuke. Kiganja kimebaki na doa. Wageni wanadhani nilikusudia, nami siwasahihishi.

Ukindu mkavu ulainishe kabla ya kuupinda: taulo yenye unyevu, saa moja. Ukiukata, shona ukingo wake papo hapo, maana ukifumuka mstari mmoja unafumuka wote hadi katikati.

Na hili ni la heshima zaidi kuliko ufundi. Ukichukua kazi ya msusi ukaitia kwenye picha yako, umechukua siku zake. Mlipe bei anayotaja bila kumbana, na andika jina lake nyuma ya picha, akikubali. Uganda ilipopata banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2022, kwa kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, waamuzi walilitunuku banda hilo tuzo ya kutambuliwa, na sehemu kubwa ya kazi za Kerunen ni mikeka na vikapu vilivyosukwa na wanawake wa vijijini. Nilifurahi siku hiyo kama vile mwaliko ulikuwa wangu. Kitu ambacho shangazi zangu walikiuza kando ya barabara kimetundikwa ukutani Italia, nikasema, basi bei yetu ipande.

Vifuniko vya soda na vitu vingine vizito

Kilicho kizito hushonwa. Nimemaliza. Ukitaka kuona jambo hili likifanywa na bingwa, tazama kazi za Sanaa Gateja: shanga za karatasi kwa maelfu, zimeviringishwa kutoka karatasi zilizotupwa, zikashonwa juu ya lubugo. Kitambaa kinaning'inia kama nguo, na shanga zinakwenda nacho.

Vifuniko naviokota kwenye baa moja ya jirani. Mwenye baa ananiwekea ndoo, nami nampelekea kalenda kila Desemba. Vichemshe, ile ngozi ya plastiki ya ndani itatoka kwa ncha ya kisu. Vipige nyundo juu ya jiwe hadi viwe bapa, ukianzia meno ya pembeni. Toboa matundu mawili kwa msumari, kama kifungo. Osha, anika vikauke kabisa, kisha vipake vanishi mbele, nyuma na ndani ya matundu. Kutu huanzia tunduni ambako vanishi haikufika, ikishuka kwenye lubugo inaacha doa la machozi lisilofutika.

Kushonea natumia waya mwembamba wa shaba kutoka mota zilizoungua. Mafundi wa Katwe wanaosuka mota upya huutupa kwa mafungu, au hukuuzia kwa kilo. Waya ule una ngozi yake ya vanishi, haushiki kutu. Pitisha kwenye tundu la kifuniko, kwenye lubugo, kwenye marekani, na nyuma usifunge fundo tupu: weka kifungo cha shati. Fundo tupu linakata kitambaa polepole kama kisu, kifungo kinagawa uzito. Vifungo ninavyo mikebe mitatu, vyote kutoka mashati ya mitumba ya soko la Owino yaliyokuwa hayauziki. Geuza picha yangu yoyote utaona mgongo wake umejaa vifungo vya rangi zote. Mwanangu anasema upande huo ndio mzuri.

Tundu la lubugo litobolewe kwa msharasi, si kwa mkasi. Msharasi unasukuma nyuzi kando, mkasi unazikata.

Rangi

Sina mengi. Akriliki inatangulia, ya mafuta inafuata, na usigeuze: rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Mafuta yasiguse lubugo yenyewe, kwani huoza nyuzi zake zikawa kama majani makavu. Tanguliza tabaka mbili za akriliki. Rangi ya ukuta waachie wenye kuta. Na tafadhali usifunike lubugo yote. Nimeona vijana wakilipia kitambaa cha gome kisha wakakipaka buluu ukingo hadi ukingo. Si wangenunua turubai?

Kwa Haboba nilitumia rangi mbili tu, nyeupe ya kitambaa cha kichwa na bluu kidogo kwenye kivuli cha mkeka. Ilinichukua asubuhi moja. Kazi nyingine zote zilikuwa wiki tano.

Kutundika, kusafirisha, kuuza

Pete za kutundikia zifunge theluthi moja kutoka juu, kwenye mbao na si kwenye marekani. Chini, nyuma, gundisha vipande viwili vya kizibo au raba ya tairi la ndani ili picha isilale ukutani. Hewa ikipita nyuma, ukungu haupati nafasi. Mnunuzi mwambie asitundike juu ya jiko, wala ukuta unaopigwa na mvua, wala mbele ya dirisha la magharibi.

Ukisafirisha kazi isiyo na fremu, iviringishe kwenye bomba nene, uso ukiwa nje. Uso ukiwa ndani unakunjamana. Usiikunje hata kama wa boda anakuhakikishia ataibeba kama yai.

Bei. Mimi nina daftari, na kila picha ina ukurasa: mbao, marekani, lubugo, ukindu, fotokopi, nauli, kodi ya karakana kwa siku nilizotumia, kisha siku zangu kwa kiwango ambacho ningemlipa fundi mzuri wa kushona. Jumla hiyo ndiyo sakafu, siteremki chini yake. Halafu naongeza fungu la nyumba ya sanaa, kwa sababu nyingine huchukua theluthi na nyingine nusu, na bei ya karakanani iwe ileile ya kule ukutani. Ukimuuzia mteja wao kwa bei ya chini mlango wa nyuma, watajua, na hawatakuita tena. Kabla hujaacha kazi popote, dai karatasi iliyotiwa sahihi inayotaja idadi, bei, na siku utakayolipwa. Kuna mahali niliacha picha nne kwa neno tu, nikarudishiwa mbili.

Ukiwa bado unatafuta jicho, nenda ukatazame bila kununua. Galari ya Nommo pale Nakasero ipo tangu 1964, na galari ya Makerere iko chuoni. Chungulia na migongo ya kazi wakikuruhusu. Mimi najifunza zaidi huko.

Nyuma ya picha naandika kwa penseli laini: jina, mwaka, kila kitu kilichomo, gundi gani, vanishi gani, na nani alisuka. Siku ikiharibika, atakayeitengeneza ajue anaanzia wapi. Ya Haboba ina mistari kumi na tatu, pamoja na kilo za vifuniko na jina la msusi wa Bombo.

Hiyo ndiyo ile moja niliyosema. Imenunuliwa na mwalimu mmoja wa Jinja, imepita mvua mbili salama, na wiki iliyopita amenitumia picha kwa simu: ukingo wa tabaga umeanza kunyanyuka upande ule ulioliwa na panya. Hakuna kilichoanguka. Nadhani nilishona mishono mitatu palipotaka mitano. Jumamosi napanda basi la asubuhi, na sindano, uzi wa pamba na vifungo viwili vyeupe.